Mkwe Wako na Kitambaa cha Kiti

Mama yangu kipenzi,

Nimeolewa. Naanza na hilo kwa sababu ingekuwa simu ungeshanikatiza, uniambie niache salamu ndefu niseme kilichonipata. Nimeolewa, mama, Jumamosi, wiki tatu zilizopita, kanisani kwetu hapa ughaibuni, mtaa wa Rexdale, mvua ikinyesha toka asubuhi, na mpaka leo nikiamka naangalia kidole changu kama mtoto aliyevishwa viatu vipya. Mume wangu ni Byamungu. Yule yule. Nalala na furaha, naamka na furaha, hata nikisimama kituoni kungoja basi la Kipling najikuta nacheka peke yangu, na wanawake wa kituoni wanasogea kidogo.

Nakuandikia kwa sababu kuna watu wetu waliokula chakula cha arusi yangu huku wanaulizana nimewezaje. Wanasema binti hawezi kulala mikononi mwa mtu aliyemgusa mama yake kifuani, tena mama huyo akamfia mikononi. Wao wanalisema kwa ajili ya mila. Mimi pia kuna wakati nilisema siwezi, kwa sababu nyingine kabisa, na sababu yangu ilikuwa mbaya kuliko ya kwao. Nataka ujue nimefikaje hapa kwenye furaha hii. Nataka uisikie kwangu, maana wewe ulikuwa umelala pale chini na hukuona.

Unakumbuka ile picha ya mlangoni kiwandani? Kiwanda chetu ni kikuukuu, matofali yake mekundu yameshakuwa meusi, na wanasema baadhi ya magari ya mwanzo kabisa ya mji huu yalitengenezwa humo ndani, siku ambazo gari halikuwa na paa na watu walilisukuma kwa mikono kutoka meza hii kwenda meza ile. Leo hatutengenezi gari zima, tunatengeneza viti tu, vinapakiwa kwenye malori na kupelekwa kwa wenye magari. Lakini picha waliiacha: wanaume wengi wamejipanga, aprini hadi magotini, masharubu, na gari jeusi katikati kama maiti ya mkubwa fulani. Kila asubuhi ulisimama kuwaamkia. "Jambo, wababa." Yule mwenye tumbo ulimwita Chifu. Yule mwembamba wa pembeni ulisema anafanana na mtoza ushuru wa sokoni Uvira, tena ulimnunia kwa makosa ya yule wa Uvira. Siku moja ukaniuliza kama hawa watu walikufa wamesimama au waliwahi kukaa. Nikacheka. Ukasema hufanyi mzaha, unauliza, kwa sababu sisi tunatengeneza viti kutwa na hakuna anayekaa.

Ndivyo kazi ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo bado. Kengele inalia, unavaa vizibo vya masikio, viatu vya chuma vinaanza kukuuma kwenye kidole kile kile cha jana. Mimi nilikuwa ghorofani kwenye cherehani, tunashona vitambaa vya viti. Wewe ulikuwa chini kwenye chuma. Chini kulinuka mafuta na chuma cha moto, na kelele zake zilipanda hadi kwetu kupitia miguuni. Meza yako ilikuwa ya watu wawili wanaotazamana: mmoja anashika fremu ya kiti, mwenzake anapachika springi na kukaza bolti, kisha wanaisukuma mbele, nyingine inakuja. Kutwa nzima mtu na mwenzake, uso kwa uso.

Na aliyekuwa mbele yako ni Byamungu.

Kabla sijamjua mimi ulimjua wewe. Ulirudi nyumbani ukilalamika juu ya kijana mmoja wa Bukavu anayekula mkate mkavu mchana, hana mtu wa kumpikia, na akipewa kazi ya watu wawili ananyamaza. Ukaanza kubeba bakuli la pili. Bugali na sombe ya majani ya muhogo, samaki siku za malipo. Mlikuwa mnakula pamoja kwenye ngazi za nyuma kwa sababu chumba cha chakula kilinuka mikrowevu. Ulimwita "mtoto wa watu". Alikwita "mama" bila woga wowote, akikutania kwamba sombe yako ina chumvi ya kutosha kanisa zima. Mlicheka sana nyinyi wawili. Nilikuwa nashuka kuchukua maji nawakuta mnacheka, na nadhani nilimpenda kwanza kwa sababu alikuwa anakuchekesha, mama, na tangu tutoke kambi ya wakimbizi sikuwa nimekuona ukicheka hadi unashika ubavu.

Halafu akanipenda. Usione haya, wewe ni mama yangu na mimi sasa ni mke wa mtu. Alinipenda vizuri. Wakati wa baridi tukitembea alikuwa anahama upande, daima anakaa ule unaotoka upepo. Aliweka glovu zangu juu ya hita ya chumba cha kubadilishia nguo ili saa ya kutoka nizikute zina joto. Mtu anayewaza vidole vyako wakati wewe mwenyewe umevisahau, huyo utamfanyaje? Nilimwambia awalete wakubwa zake.

Wakaja, wakajitambulisha, ukapokea posa. Na siku hiyo hiyo akakoma kuwa mtoto wa watu, akawa mkwe.

Mila yetu unaijua kuliko mimi. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hampi kitu mkono kwa mkono, hali mbele yake, hakai alipokaa, na kumgusa ni jambo ambalo halisemwi hata kwa mzaha. Kijijini ni rahisi: ukimwona anakuja, unaacha njia, unapita migombani. Nyinyi mlikuwa na meza moja, fremu moja, kutwa nzima uso kwa uso.

Jumatatu iliyofuata ulishusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Ukasimama upandeupande. Yeye naye akageuka, mkawa mnapachika springi kama watu wawili waliogombana juu ya shamba. Spana ulikuwa unaiweka mezani, unaondoa mkono, ndipo naye ananyosha wake kuichukua. Bakuli la pili lilikuwa bado linakuja, ila unamwachia kwenye ngazi na kuondoka. Na maneno yote sasa yalipitia kwa Tess, yule dada Mfilipino wa meza ya jirani.

"Mwambie huyo aliye mbele yangu bolti zimekwisha."

Tess hajui Kiswahili. Aliitikia tu, "Okei, mama." Byamungu, aliyesikia kila kitu, alileta bolti. Kisha naye akamgeukia Tess, akikutaja wewe kwa wingi wa heshima: "Waambie wakubwa zimeshafika." "Okei, kaka." Maskini Tess alifanya kazi ya ukalimani mwaka ule bila kuelewa neno hata moja, na mwisho wake hata yeye akawa hampi mtu kitu mkono kwa mkono pale mezani, akidhani ni sheria ya usalama.

Kapita wetu, msimamizi wa zamu, yule Mguyana, alikasirika. Laini ya kuunda viti ilikuwa inachelewa. Akataka kukuhamishia upande wa rangi. Ulikataa katakata, na nyumbani nikakuuliza kwa nini usihame upumzike na mambo hayo ya kugeuka geuka.

"Nikihama watamtupia mizigo yote na atanyamaza," ukasema. "Pale namwona."

"Humwoni, mama. Umempa ubavu."

"Namwona kwa ubavu."

Walipotafuta mtu wa huduma ya kwanza kwa sehemu yenu, Byamungu alijiandikisha. Alienda kwenye mafunzo, akarudi na beji ya msalaba wa kijani kifuani. Ulijivuna, wewe. Ukawaambia akina mama wa kwaya kwamba mkwe wako ni daktari wa kiwanda. Yeye mwenyewe hukumwambia neno la pongezi, isingewezekana, lakini siku ile samaki katika bakuli lake alikuwa na kichwa.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, na furaha yangu yote hainisaidii kuiandika.

Ilikuwa Julai, joto lile la mji huu ambalo watu wa nyumbani hawaamini tukiwasimulia. Feni kubwa ya upande wenu ilikuwa imeharibika. Asubuhi ulikuwa unajikanda bega la kushoto, ukasema ni ule mfuko wa unga ulioubeba kutoka kwenye basi. Nikakuambia ukae nyumbani. Ukaniuliza kwani nani hana bega. Baada ya chakula nilipanda ghorofani, na kitu cha mwisho nilichokiona ni mgongo wako ukiinama kurekebisha kamba ya kiatu.

Tess alikuja juu mbio. Alikuwa hajawahi kufika ghorofani, hivyo nilijua kabla hajafungua mdomo.

Laini ilikuwa imezimwa. Kiwanda kile kikizima mashine kinatisha, unasikia hadi taa. Watu wa ambulensi walikuwa wamekuinamia, Byamungu amekaa sakafuni pembeni, mgongo kwenye mguu wa meza, mikono yake ameiweka juu ya magoti kama si yake. Kifuani pako palikuwa na kitambaa cha kijivu, kitambaa cha kiti, kile tulichokuwa tunakata kwetu juu. Wale watu wakakitupa pembeni wabandike mashine yao. Nikakiokota. Mama, nilishukuru. Katika kuchanganyikiwa kote kule nikasema moyoni, kuna mtu aliyemsitiri mama yangu.

Hospitali walinipa kiti, na hapo nikajua.

Kilio tulikifanya nyumbani, ghorofa ya tisa, watu hadi kwenye korido, jirani akigonga ukuta kwa sababu ya nyimbo. Mjomba Zakaria alikuja akasimamia kila kitu, kama kaka yako alivyostahili. Na ni siku ya tatu ya kilio habari zilipomfikia kwamba aliyekusukuma kifua ni mkwe. Nilikuwa jikoni, nilimsikia. Hakupaza sauti. Alisema yule kijana anasikitikiwa, alifanya alichofundishwa na wazungu, lakini mkono uliokaa pale hauwezi tena kumshika binti. Arusi haipo, labda kosa lisafishwe kwanza kimila, na hata likisafishwa yeye Zakaria haoni itafungwaje.

Mchungaji akasema hayo ni ya kimila, kanisa halimo. Akina mama wa kwaya wakagawanyika. Mmoja akasema kama ingekuwa yeye angetaka asukumwe hata na mkwe wake, hata na shetani. Mwingine akasema afadhali kufa na heshima. Nilitaka kumrushia sufuria.

Nilingoja Byamungu ajitetee. Alikuwa amekaa mlangoni pamoja na vijana wa kupanga viti. Mjomba alipomwita na kumwambia, aliinamisha kichwa akasema, "Mjomba ana haki." Basi. Watu wakaona ni adabu. Mimi niliona ni usaliti. Nilimfuata chini kwenye maegesho ya magari nikamwambia kama anaona ni kosa kukugusa, basi angekuacha ufe peke yako kwa amani, na asinifuate tena. Alinitazama kama mtu anayesikiliza hukumu na kuona imepunguzwa.

Tukaendelea kufanya kazi kiwanda kimoja, mimi juu, yeye chini. Mezani pako waliweka mama mmoja wa Kitamili. Nilipita ile picha ya mlangoni na sikuwasalimia wale wababa, ilikuwa kazi yako.

Majani yalipoanza kuanguka, mjomba akakubali kosa lisafishwe. Ilikuwa lazima Byamungu alete mbuzi na doti ya kitenge, aje mbele ya wakubwa, apige magoti, aombe radhi kwa marehemu kwa kosa la kumgusa. Mimi nilisema siji. Nikaja. Mbuzi alikuja amekatwakatwa ndani ya boksi la barafu, kwa kuwa hapa mbuzi hapandi lifti, na mjomba akalikagua lile boksi kwa uso mzito kama vile ndani kuna mbuzi mzima anayepumua. Ungecheka. Hata mimi karibu nicheke.

Byamungu akapiga magoti kwenye zulia lako. Mjomba akamwambia aseme.

"Mimi sikuja kuomba radhi kwa kumgusa," akasema. "Naomba radhi kwa sababu nilichelewa kumgusa. Alianguka mbele yangu. Nikazunguka meza, nikafika, nikanyosha mikono, ikakataa. Nikamwita Tess aje yeye, Tess hajui kusukuma kifua. Basi nikakimbia hadi kwenye rafu nikatafute kitambaa cha kuweka kati yangu na yeye. Cha kwanza kilikuwa na mafuta. Nikakiacha, nikatafuta safi. Mama yangu yuko chini, mimi nachagua kitambaa."

Akaendelea, bado anatazama zulia, "Mjomba amesema mkono huu una kosa. Ni kweli unalo. Ila si hilo."

Nilitoka, mama. Nilikwenda kwenye balkoni nikashika chuma kwa mikono miwili. Kitambaa nilichokishukuru. Nilikuwa nimekifua, nimekikunja, nimekiweka kwenye sanduku la nguo zako pamoja na vitenge vyako vizuri. Nikakumbuka kilivyokuwa safi hata kabla sijakifua.

Baadaye nikasikia mlango wa balkoni unafunguliwa, nikadhani ni yeye. Alikuwa mjomba. Akasimama pembeni yangu akitazama magari kwenye barabara kuu. Kisha akaniambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Siku ya posa, mkiwa bado mnakunywa soda, alimchukua Byamungu pembeni akamweleza moja moja: usimtazame, usimpe mkono kwa mkono, na usije ukamgusa, hata iweje. "Nilisema hata iweje," akarudia. Akaingia ndani, akavaa koti lake, akaondoka. Lile boksi hakuna aliyeligusa hadi jioni, majirani wa chini wakalichukua.

Sasa walioisema arusi vibaya wote walikuwa wamenyamaza, na mimi ndiye sikuweza kuolewa naye. Nilihesabu, mama. Nilishuka siku moja wakati wa mapumziko nikatembea kutoka meza yako hadi kwenye rafu na kurudi. Nikafanya tena kwa kukimbia. Nilimwuliza daktari wa kliniki kama ule muda mdogo ungekuwa na tofauti. Akasema huenda usingebadilisha kitu, moyo wenyewe ulikuwa umeshachoka sana. Kisha akasema, na huenda ungebadilisha. Alikuwa mtu mkweli. Lile neno lake la pili nimelibeba hadi leo, na Byamungu amelibeba, na tutazeeka nalo.

Nilipanda basi la mbele yake au la nyuma yake. Nilimchukia, na bado kila nilipotoka kazini nilikuta glovu zangu zina joto. Nilizivaa. Ningefanyaje, kulikuwa na baridi.

Tess ndiye aliyenirudisha, na hajui. Tulikuwa kwenye ngazi za nyuma, anakula wali wake, akaniuliza maneno fulani yana maana gani. Alisema siku ile Byamungu aliporudi na kitambaa alipiga magoti akaanza kusukuma, akasukuma kwa nguvu hadi Tess akaogopa mbavu, na hakutaka mtu mwingine ampokee kazi. Kapita alileta ile mashine ya ukutani ya kushtua moyo, wakaitumia, akaendelea tena. Jasho lilikuwa linamdondokea mkononi. Watu wa ambulensi walipofika ilibidi wamshike mabega wamtoe. Na muda wote huo, kila akisukuma, alikuwa akisema maneno mawili yale yale. Tess aliyakumbuka vizuri kabisa, kwa jinsi alivyoyasikia mara nyingi.

"Samahani, mama. Samahani, mama." Ndivyo alivyoniambia, na wali mdomoni.

Nikamwambia maana yake. Akaweka bakuli chini.

Mkwe wako, mama, ambaye kwa miezi mingi hakuwahi kukuambia neno bila kupitia kwa mtu, aliongea na wewe moja kwa moja. Alikugusa na akakuomba msamaha kila mara alipokugusa, mpaka walipomwondoa. Hukumjibu. Mimi ndiye niliyebaki wa kujibu, na msamaha wako sikuwa nao mfukoni nimgawie. Niliokuwa nao ni wangu.

Jioni ile nilimngojea kituoni. Basi la kwanza likapita, nikaliacha. Alipokuja na kuniona akasimama mbali, karibu na pipa la takataka, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Sikumwambia nimekusamehe. Nilimwambia, "Twende nyumbani, bugali itapoa." Hata sikuwa nimepika. Akanifuata, akahamia upande wa upepo, na kabla basi halijaja alikuwa analia wazi wazi mbele za watu, mwanaume mzima, na mimi nikamshika ile mikono yote miwili nikaitia ndani ya koti langu.

Ndiyo maana nimeolewa naye. Nampenda, mama, nampenda vibaya. Ananipigia pasi sare. Anaimba vibaya akioga. Amejifunza kupika sombe yako na ameiacha na chumvi ile ile. Tukiwa tumekaa tu hatusemi kitu naona kama nyumba imejaa. Na kuna siku namtazama anakunja nguo, analinganisha pindo na pindo taratibu, na naona rafu, naona anaacha cha mafuta anachukua kilicho safi, na lazima nitoke chumbani. Yeye anajua. Anangoja nirudi. Nimerudi kila mara.

Mjomba alipiga simu mwezi wa Februari, akasema neno moja, "Oaneni," akakata. Arusini alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Alikuwa amekonda.

Lililobaki ni hili, nalo wanawake watalisema kwamba hukunifunza.

Baada ya kanisa tukaenda ukumbini, na ikafika saa ya mimi kupelekwa kwa baba mkwe. Baba yake Byamungu ni yule mzee mpole wa Regent Park, unamkumbuka siku ya posa, aliyekunywa chai tatu bila kusema lolote. Moyo wake nao si mzima, anatembea na vidonge mfukoni. Nilivikwa, nikafundishwa: nisimtazame, nipige magoti mbali, niweke sinia la zawadi sakafuni, nirudi nyuma, ndipo shangazi achukue ampelekee. Kuanzia siku hiyo mimi na yeye tutapishana kwa mbali hadi mmoja wetu afe.

Nikapiga magoti. Nikaweka sinia. Watu wakaanza vigelegele, shangazi akainama kulichukua, na mimi sikurudi nyuma.

Nikamwambia, kwa sauti iliyofika hadi nyuma, "Baba, sitakutazama, wala sitakaa ulipokaa. Nitakupa heshima yako yote. Lakini siku ukianguka mbele yangu, nitakushika. Nami nikianguka mbele yako, naomba unishike hapo hapo."

Shangazi akasema jina langu taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aliye kwenye ukingo wa kisima. Sikugeuka kumtazama Byamungu. Nilikuwa natazama viatu vya mzee, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, na niliona kimoja kikisogea.

Hakuinua macho. Alishika mila yake kama alivyoishika maisha yake yote, uso chini, mikono nyuma. Nikadhani nimeiharibu siku yangu mwenyewe.

Kisha akasema, "Nitakushika, mwanangu."

Lala salama, mama. Sikukuomba ruhusa kabla ya kusema vile mbele za watu, na najua ungeona haya kwa niaba yangu. Nionee haya basi, ila usinikasirikie. Kesho ni Jumatatu, tunaingia zamu ya asubuhi sote wawili.

Ni mimi, kifungua mimba wako, mke wa mkwe wako.